Mtoto Tuliyemngoja Jumapili Tisa

Mume wangu alipofariki, akina mama wa jumuiya waliniambia kwamba msiba huanza kuuma mwezi wa tatu, wageni wakishatawanyika. Mwezi wa tatu ulifika, nikapaka rangi jikoni. Mwezi wa sita nikabadilisha mabati ya banda la kuku. Mwaka ulipotimia tulifanya ibada ya shukrani, nikapakulia watu pilau, nikaosha masufuria, nikalala. Sikulia. Wapo walionisifu kwa imani yangu, nami niliwaacha waendelee kunisifu kwa sababu kubisha kunachosha. Haikuwa imani. Mahali nilipotegemea kukuta uchungu palikuwa patupu, kama stoo iliyofagiliwa.

Kitu kimoja tu kilibaki. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila niliporudi nyumbani niliita jina lake nikiwa bado mlangoni, naye aliitika kutoka popote alipo, chumbani, bafuni au nyuma kwenye migomba. Alipokufa niliendelea kuita. Naita, nasubiri kidogo, naweka mkoba mezani, nawasha jiko. Sikuona kama ni jambo la kumwambia mtu. Mdomo ulikuwa umezoea, basi.

Mwaka wa pili wa ujane nilistaafu ualimu wa shule ya msingi. Hata wiki mbili hazijapita, mchungaji akaja na maneno yake kwamba mwalimu hastaafu, na kwamba watoto wa shule ya Jumapili hawana mtu. Nilikubali. Jumapili ilikuwa ndefu na sikuwa na sababu ya kukataa.

Usharika wetu uko upande wa Sakina. Watoto walikaa kwenye banda la mabati nyuma ya kanisa, na ng'ambo ya ukuta kuna mafundi wa magari wasiojua Jumapili ni nini, hivyo nilifundisha habari za Nuhu huku mtu akigonga bodi ya Fuso. Watoto walikuwa arobaini na kitu. Nilifundisha kama nilivyofundisha hesabu: simama, sema baada yangu, kaa. Majina yao sikuyajua. Nilikuwa nikisema "wewe mwenye sweta la njano" au "ninyi wawili mnaotafuna." Nina hasira za karibu, na watoto walinyamaza nilipoingia. Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Kisha wakanipeleka semina Kimandolu, siku tatu, kuboresha huduma ya watoto na vijana. Mwezeshaji alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, ana projekta na viatu vilivyochongoka. Alisema tunawapoteza watoto kwa sababu hatuwaiti. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina yao, alisema, sisi tunawaita kwa nguo zao. Nilikasirika, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Akatupa utaratibu: kila Jumapili soma majina yote kwa sauti, taratibu, ukimtazama mtoto usoni. Aliyepo aitike. Asiyekuwepo, darasa zima litaje jina lake kisha liseme "tunakungoja." Habari itamfikia mtaani, alisema, naye atajua kuna mahali nafasi yake haijachukuliwa.

Nilinunua daftari kubwa, nikalipiga mistari kwa rula. Niliandika majina kwa kufuata siku ambayo mtoto aliandikishwa, si kwa alfabeti, maana alfabeti huwafanya wengine wawe wa mwisho maisha yao yote. Na kusema ukweli, utaratibu ule ulifanya kazi. Watoto waliitika "nipo, mwalimu" hadi mabati yakalia. Mmoja aliyekuwa na surua alisikia kwa majirani kwamba anangojwa, akaja kabla hajapona, nikamrudisha kwao. Idadi iliongezeka. Mchungaji alinitaja ibadani. Mimi sikusikia chochote moyoni, lakini daftari lilikuwa safi, na daftari safi ni kitu nilichokuwa bado naweza kukipenda kidogo.

Mstari wa ishirini na mbili na wa ishirini na tatu walikuwa ndugu wawili wa kike, mmoja wa miaka kumi, mwingine wa sita. Walikaa na mama yao kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji, na asili yao ni Waarusha wa juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa mlima. Mkubwa alikuwa akimleta mdogo huku amemshika ukosi wa sweta asikimbilie barabarani. Mdogo aliitika kabla sijamaliza kutaja jina lake. Nilimkataza mara nyingi, hakuacha.

Likizo ya mwezi wa sita wote wawili walipanda kwa bibi yao. Mwezi wa saba mkubwa alirudi peke yake. Niliita mstari wa ishirini na tatu, kimya. Darasa likataja jina, likasema tunakungoja. Nilimuuliza mkubwa mdogo wake yuko wapi.

"Kwa koko," alisema. Ndivyo wanavyomwita bibi.

Nikaandika sifuri kwa kalamu nyekundu. Jumapili iliyofuata sikuuliza tena, niliita tu, darasa likajibu, nikaandika sifuri. Hivyo hivyo, Jumapili tisa.

Nitasema nilichokiona, kwa sababu nilikiona. Mkubwa alihama mbele akawa anakaa benchi la mlangoni. Upande wake wa kushoto aliacha nafasi, na mtoto mwingine akitaka kukaa alimsukuma. Ilipofika mwezi wa nane, darasa liliposema tunakungoja, sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, kisha aligeuka akatazama nje, kule kwenye bomba la maji. Nilifurahishwa na hilo, au tuseme nililiandika kwenye taarifa yangu kwa mchungaji. Niliandika kwamba watoto wameupokea utaratibu wa kungojana, hata mtoto aliyekuwa mpole sasa anashiriki.

Kuna siku msichana mmoja, naye Mwarusha, alibaki baada ya wenzake kutoka. Aliniambia, "Mwalimu, yule usimwite." Nilimuuliza kwa nini. Akatazama viatu vyake, akasema kwao wamemkataza kusema. Nikamwambia kanisani hatuleti umbea, aende akanawe mikono. Miaka zaidi ya thelathini niliwaimbia watoto wa serikali kwamba kuuliza si ujinga. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuuliza, nikafunga dirisha.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa mstari wa ishirini na mbili nao ukawa na sifuri. Jumapili mbili. Tuliyataja majina yote mawili, yakifuatana. Kwa kweli kilichonihangaisha ni jambo jingine: Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ilikuwa karibu, siku ambayo watoto ndio huongoza ibada, na yule mkubwa alikuwa amepewa mstari wa Biblia wa kusema kwa moyo mbele ya usharika. Bila yeye pangekuwa na pengo kwenye ratiba. Kwa hiyo nilikwenda kwao.

Mama yao alikuwa akikunja nguo za mtumba anazouza. Alinikaribisha kiti. Nilimuuliza juu ya mkubwa, akasema amempandisha kwa bibi yake akapumzike kidogo. Nikauliza na yule mdogo je, mbona anakosa sana. Aliacha kukunja. Akachukua beseni tupu, akatoka nje nalo, na hakurudi. Nilikaa pale kwa muda, nikaona ukutani sweta moja dogo limetundikwa. Nililitazama kama unavyotazama kalenda ya mwaka jana. Kisha nikaenda nyumbani, nikafungua mlango, nikaita, nikaweka mkoba mezani.

Jumamosi nilichukua bodaboda kutoka Ngaramtoni kwenda juu. Bibi alikuwa ametandaza maharage kwenye turubai anapepeta. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza nimetoka kwa nani. Nilipomwambia mimi ndiye mwalimu wa Jumapili, aliweka ungo chini.

"Wewe ni Mmeru," alisema.

Nilikubali. Tumezaliwa kwenye mlima mmoja, wao magharibi, sisi huku kwenye kahawa na ndizi, na maisha yangu yote nimenunua maziwa kwao.

"Basi ndiyo maana." Alionyesha kwa kidevu nyuma ya banda la ng'ombe. Palikuwa na tuta fupi la udongo, na msalaba wa mbao usioandikwa kitu.

Alinieleza bila kupandisha sauti, huku akichambua mawe kwenye maharage. Mtoto alipata homa mwezi wa sita, siku ya tatu akafia njiani wakimpeleka hospitali. Mwinjilisti wa kule juu alimzika, watu wachache, maana mtoto mdogo hazikwi kwa kelele. Kule kwao aliyeondoka, hasa mtoto, hatajwi jina. Jina linalala naye. Wako wengi siku hizi wasiojali, alisema, vijana wanaandika majina ya marehemu hata kwenye fulana, lakini yeye anajali, na amebatizwa kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo nisije nikamfundisha dini. Ndiyo maana msalaba hauna jina, na ndiyo maana mama yake hakufungua mdomo pale Sakina.

Nilimwambia sikujua.

"Hukujua," alikubali. "Sisi tulinyamaza, wewe ukaita. Lakini huyu mkubwa ndiye ameharibika. Alikuja huku akaniambia, koko, kanisani wanamngoja. Kila Jumapili watu wote wanamngoja, na mwalimu anaandika. Nikipakua loshoro, anatenga vijiko viwili pembeni. Analala ukingoni mwa kitanda, ukutani anaacha nafasi. Nilimwambia, mwanangu, mdogo wako amekufa, ulikuwepo tukimfukia. Akaniuliza, sasa mwalimu anamngoja nani?"

Najua nilipaswa kuanguka au kuomba msamaha kwa machozi. Niliangalia maharage. Nilimwambia pole, kwa sauti ile ile ninayotumia kuwapa pole watu wote. Bibi alinitazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta kitu, na nadhani hakukipata, kwa sababu aliniuliza nina msiba wa nani. Nikamwambia.

"Na wewe wako unamwita?"

"Kila siku," nilisema.

"Anaitika?"

 Bibi akarudi kwenye maharage yake.

Msichana alifika na mzigo wa majani ya ng'ombe, akautua, akaniamkia vizuri. Alikuwa amekonda. Nilimwomba anisemee mstari wake wa sikukuu, akausema wote bila kosa, ule unaohusu malaika wa hao wadogo. Kisha aliniuliza kama bado tunamwita mdogo wake. Nilimwambia hapana, hatutamwita tena.

"Mmechoka?" aliuliza.

Nimeulizwa maswali mengi na watoto, ya uzazi, ya kifo, ya kwa nini mwalimu ana ndevu mbili kidevuni. Hilo lilinishinda. Nikasema tu kwamba tutamhitaji kwa ajili ya mstari. Bibi akasema atamleta mwenyewe siku ya sikukuu, kwa sharti moja, jina lile lisisikike. Nilimpa mkono kwamba halitasikika.

Jumapili iliyofuata sikufungua daftari. Niliwatazama tu usoni mmoja mmoja, nikihesabu kimoyomoyo, nao wakanitazama wakishangaa. Mtoto mmoja aliuliza kama daftari limepotea. Nikasema lipo.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Watoto walikaa mabenchi ya mbele, wasichana na masoksi meupe, wote wanajikuna. Bibi alifika na mjukuu wake akakaa nyuma na akina mama, shuka lake amelifunga begani. Yule msichana alisimama zamu yake ilipofika, akasema mstari mpaka mwisho, na mtu akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni, nahakikisha ratiba. Baada ya mahubiri, katibu wa usharika alisogea mbele na karatasi na rundo la vyeti, watoto wakabidhiwe vyeti vya mahudhurio. Akavaa miwani, akasoma jina la kwanza.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ile orodha nilimpa mimi mwezi wa nane, nimeinakili kutoka kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri, mstari kwa mstari, bila kuruka mtu. Na vyeti vilikwishachapwa.

Katibu alisoma wa pili, wa tatu. Kila mtoto alipanda, akapewa mkono, akashuka. Kwetu mtu hasimami katikati ya ibada akaenda madhabahuni kama anaenda bombani. Nilifikiria kumwandikia kikaratasi. Nilifikiria kwamba pengine ataruka kwa bahati. Alifika wa kumi na moja. Nyuma kule bibi alikuwa ameinua kichwa. Jina la mjukuu wake lilikuwa linakuja, na yeye hakujua linalofuata. Nilisimama, nikapita mbele ya mabenchi yote, viatu vyangu vikilia.

Katibu aliniuliza kwa kunong'ona kuna nini. Nikamwambia, "Nipe nisome mimi. Ni watoto wangu." Alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama dari, nikachukua karatasi na rundo la vyeti.

Nilisoma. Wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Niliwapa mkono, wakashuka. Nilisoma wa ishirini na mbili, msichana akapanda, nikampa cheti chake, na chini yake kwenye rundo kikatokea kile kingine, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu. Alikiona. Tulikiona wote wawili. Nilipaswa kuruka mara moja na kusoma wa ishirini na nne, lilikuwa jambo jepesi kabisa, nami nikashindwa. Nilisimama pale mdomo wazi na jina liko kwenye ulimi. Kanisa zima likawa kimya.

Watoto wangu niliwafundisha vizuri. Kwao, mwalimu akiwa na karatasi mkononi, kisha pawe kimya, maana yake kuna mtu amekosekana. Mmoja wa wale wadogo wa benchi la kwanza akaanza, na wenzake wakafuata, sita au saba, kwa ile sauti yao ya kuimba: "Tunakungoja."

Msichana aliwageukia. Alikuwa amekishika cheti chake kwa mikono miwili.

"Msimngoje," alisema. "Haji."

Hakusema kwa nguvu, ila kimya kilikuwa kingi, na walisikia hata nyuma. Kisha akakichukua kile cheti kingine kutoka juu ya rundo, akakigeuza upande usioandikwa, akakiweka chini ya cha kwake, akashuka nacho akaenda kukaa. Hakukaa mlangoni. Alikaa katikati ya wenzake, na mwenzake mmoja akasogea mpaka wakagusana mabega.

Nikasoma wa ishirini na nne.

Baada ya ibada mchungaji hakuniuliza chochote, na katibu aliniuliza mara tatu. Bibi alinipitia nje karibu na bomba. Nilimwambia nimemkosea, jina limekaribia kutoka. Akasema halikutoka. Akaongeza kwamba mjukuu wake atabaki Sakina kwa mama yake, na kwamba nisiache kumfundisha kwa sababu ya aibu. Akanipa mkono, akaondoka akimshika msichana ukosi wa sweta, na msichana hakukataa.

Nilitembea hadi nyumbani na mkoba wangu na daftari. Vumbi la mwezi wa tisa lilikuwa limejaa kila mahali, mlima hauonekani. Nilifungua mlango. Nikavuta pumzi kama kawaida, mdomo ukajiandaa kwa lile jina, na sikuliita. Nilisubiri nione ni nini kitatokea nisipoita. Jiko lilikuwa pale, na rangi yake niliyopaka mwenyewe. Nilisikia kuku nyuma, na saa ya ukutani.

"Haji," niliiambia nyumba.

Iliniuma. Nilikaa kwenye kizingiti, mkoba mapajani, na iliniuma sana, mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.